Na Sisi Tulikuwa Wapi?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu Mombasa methali hii imepinduka. Mgeni aja, apona yeye, naye mwenyeji abaki na maradhi yake ya kutoujua mji wake. Kila siku ya Mungu twawaona watalii wakipita Ndia Kuu na kofia zao pana, ramani mikononi. Hutazama juu kwenye roshani, husimama mbele ya mlango wa nakshi, hupiga picha, huandika. Sisi tuliozaliwa nyuma ya milango hiyo twapita mbio tukiiwahi feri. Muulize kijana wa Kibokoni msikiti anaosali umejengwa na nani. Atakujibu kuwa ni wa zamani, kisha atakuomba radhi aende akatazame mpira.

Sisemi haya kumcheka mtu. Mimi mwenyewe nimo katika kundi hilo, na ushahidi wangu ni siku moja ya sikukuu niliyotembea na watu wa nyumbani kwangu katika Mji wa Kale. Nilitoka nikidhani nimo katika kuwafundisha watoto. Nilirudi nikiwa mwanafunzi.

Desturi ya nyumba yetu wakati wa Idi ni moja. Sikukuu ya kwanza ni kusali, kuzuru jamaa na kula. Sikukuu ya pili watoto huvishwa nguo zao mpya wakapelekwa Makadara kwenye pembea. Sisi twakaa ng'ambo ya Likoni, na kwa watoto wangu mji ni Marikiti, hospitali na duka la viatu. Basi Idi hii nilitoa amri: kabla ya Makadara tutakwenda kutazama mji. Kijana wangu wa miaka kumi na mitano alinuna. Binti yangu wa miaka kumi aliuliza kama kutakuwa na madafu. Mdogo wa mwisho hakuelewa, bora apande feri. Mke wangu alifunga mahamri na chupa ya chai, naye mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alichukua bakora yake akasema, "Na mimi nenda. Ni siku nyingi sijauona mji."

Wasomaji wanisamehe nikisema kwamba nilijitayarisha kama mwalimu anayengojea mkaguzi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilivifungua vitabu vyangu vya shule, nikaandika miaka na majina kwenye karatasi, nikaitia mfukoni.

Tulipofika Ngomeni nilianza. Niliwaambia kuwa ngome hii ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na ramani yake ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Niliwaonyesha jinsi kuta zake zilivyopangwa hata mtu akiitazama kutoka juu aiona kama mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea bahari. Niliwapeleka penye mizinga. Niliwaambia habari za mazingiwa makubwa, jinsi majeshi ya Omani yalivyoizunguka ngome tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Niliwaonyesha vyombo vilivyotolewa chini ya bahari, kutoka jahazi la Kireno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati wa vita hivyo. Nikawaambia jinsi Mazrui walivyotawala hapa, jinsi Sayyid Said alivyoutwaa mji mwaka 1837, na jinsi Waingereza walivyoigeuza ngome kuwa jela tangu 1895 hata 1958. Nikamaliza na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1960, na heshima ya mwaka 2011 ambapo Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliiweka ngome hii katika orodha ya urithi wa ulimwengu mzima.

Hapana hata moja katika hayo lililokuwa uongo. Nilijifuta jasho, nikawauliza kama kuna mwenye swali.

Binti yangu alikuwa amekaa juu ya mzinga, dafu mkononi. Akasema, "Baba, Wareno walijenga, Waarabu wakachukua, Waingereza wakafunga watu. Na sisi tulikuwa wapi?"

Kaka yake alicheka. "Sisi tulikuwa tukivua samaki."

"Tulikuwa hapa hapa," nilimjibu.

"Tukifanya nini?"

Nilitia mkono mfukoni nikaitazama karatasi yangu. Ilikuwa na majina ya makapteni, masultani na mameli. Jibu la mtoto halikuwamo.

Mama alikuwa amekaa kivulini, bakora magotini, akitusikiliza. Akasema, "Wawaonyesha mizinga, mwanangu. Mizinga haina ukoo. Waondoe watoto juani, twendeni mjini."

Tukatoka, na kuanzia hapo uongozi haukuwa wangu tena.

Mimi ningewatembeza watoto kwa majengo. Mama aliwatembeza kwa watu. Hapa, akasema, palikuwa na bibi akipika kaimati mwezi wa Ramadhani, na watoto walikuwa wakisimama na sahani zao tangu alasiri. Daka hili wakikaa wazee watatu, wawili hawasemezani kwa ajili ya kesi ya minazi, lakini kila jioni wakikaa pamoja na yule wa tatu akiwapokezana maneno. Mbele ya mlango mmoja wa msaji, ambao mtalii angeutazama kwa nakshi zake, Mama alimwonyesha mdogo wetu pahala karibu na pete ya chuma palipolika na kung'aa. "Hapo ni mikono," akamwambia. "Weka na wako." Mtoto akaweka.

Tulipofika msikiti wa Mandhry nilifungua kinywa nipate kusema kuwa wasemekana ulijengwa karibu mwaka 1570. Mama akanitangulia. "Hapa ndipo aliposaliwa babangu," alisema, akainua mikono akamsomea Fatiha, nasi sote tukainua. Huo mwaka 1570 sikuutaja tena.

Mbele kidogo tulipinda kwenye uchochoro. Mama alisimama. Alitazama kulia na kushoto, akaiona saruji ya duara iliyofunika kisima cha zamani, na kutoka hapo akaanza kuhesabu nyumba kwa kidole. Alifika ya nne. Akarudi kisimani akahesabu tena. Pahala pa nyumba ya nne paliinuka jengo la ghorofa, jipya, lenye milango ya chuma na nguo zimeanikwa madirishani.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Hapa ndipo nlipozaliwa."

Nyumba hiyo iliuzwa na warithi miaka mingi iliyopita. Nilijua kuwa imeuzwa. Kuwa imevunjwa sikujua, na haya yangu ilikuwa kwamba sikuwahi kwenda kuitazama, ingawa kutoka gatini mpaka hapo si safari ya kumshinda mtu.

Tukashuka mpaka Bandari ya Kale, tukakaa ukingoni, tukafungua mahamri. Mama akawasimulia watoto jinsi pepo za kaskazi zilivyokuwa zikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na tende na mazulia, na jinsi kusi ilivyoyarudisha yamebeba boriti za mikoko. Kijana wangu aliyenuna asubuhi sasa alikuwa akiuliza tanga lilishonwa vipi. Ndipo binti yangu akalirudia swali lake, mara hii kwa nyanya yake.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Sikiza. Mama yake nyanya yangu alishushwa pwani hizi, usiku, angali mtoto kama wewe. Alikuwa Mnyasa. Hakuja kwa kupenda."

Hakuna aliyetafuna.

Akaendelea. Alisema kuwa mtoto yule aliuzwa katika nyumba moja hapa mjini. Jina la kwao halikutakiwa; alipewa jina la kitu, kama walivyokuwa wakipewa wengi. Jina hilo Mama alitwambia, nami sitaliandika gazetini, ni la nyumbani kwetu. Alipokuwa mwanamke mzima akawa suria wa mwenye nyumba, akamzalia mtoto wa kike, na mtoto huyo, kwa sharia yetu, akazaliwa huru. Huyo ndiye nyanya yake mama yangu. "Aliyenunua na aliyenunuliwa," Mama alimwambia binti yangu, "wote wawili ni wazee wako. Sasa uliza tulikuwa wapi. Tulikuwa ndani ya jahazi, na tulikuwa tukilingoja pwani."

Mimi ni mtu mwenye mvi. Nimesoma, nimeoa, nimezaa, na neno hilo sikuwahi kulisikia. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukunambia?"

Akanijibu pasi na hasira, "Hukuniuliza. Wewe ulikuwa ukisoma."

Usiku ule sikupata usingizi, na siku zilizofuata nilivirudia vitabu, mara hii nikilitafuta jibu la swali la mtoto. Jibu lilikuwamo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliruka.

Tulikuwa hapa mwaka 1331, miaka 167 kabla ya meli za Vasco da Gama kuonekana, wakati Ibn Battuta alipopita Mombasa akaandika kuwa watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, ni wacha Mungu, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Aliona visima milangoni mwa misikiti, na vyombo vya mti vyenye mpini vya kutekea maji, na jinsi kila mtu alivyoosha miguu kabla ya kuingia. Niliposoma hapo niliikumbuka kata ya kifuu iliyokuwa ikining'inia karibu na mtungi wa Mama nilipokuwa mdogo. Tulikuwa hapa mwaka 1505, Wareno walipouchoma mji, nao wenyeji wakawapiga kwa mawe na mishale katika vichochoro hivi hivi. Tulikuwa hapa mwaka 1631, wakati Yusuf bin Hassan, aliyepelekwa Goa angali mtoto akabatizwa, aliporudi katika Uislamu akaitwaa ngome kutoka kwa Wareno. Ni wenyeji waliopeleka wajumbe Omani katika karne ile ya 17 kuomba msaada. Ni wenyeji wa Mombasa waliowatoa Wareno kwa mara ya mwisho mwaka 1729, baada ya kurudi kwao mwaka 1728.

Na yale mazingiwa ya 1696 niliyowahadithia watoto kama vita vya Wareno na Waarabu, yalikuwa na sisi pande zote mbili za ukuta. Mwaka 1697, kapteni wa Kireno alipokwisha kufa, aliyeishika ngome kwa siku kadha alikuwa Bwana Daud wa Faza, na jamaa zake 17, na wanaume 8 wa Kiafrika, na wanawake 50 wa Kiafrika. Hesabu ya wanawake hao imeandikwa. Majina yao sikuyaona. Niliposimama na watoto wangu juu ya ukuta ule, nilitaja jina la Mtaliano aliyechora ramani, nikawasahau wanawake hamsini waliolala njaa ndani yake.

Na tulikuwa pia katika lile lisilopendeza. Mkataba wa mwaka 1873, uliotiwa sahihi na Sayyid Barghash, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini majahazi yaliendelea kwa siri, na watu waliendelea kushushwa usiku kama alivyoshushwa mzee wetu. Mji wa Frere Town ng'ambo ya kaskazini ulianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa. Hapa pwani, utumwa haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1907. Hayo si mambo ya zama za Nabii Nuhu. Nyanya yake mama yangu aliyaona kwa macho yake, naye mama yangu alilelewa magotini pake.

Basi maoni yangu ni haya, na nayasema kwa wenzangu wazazi kwanza. Kumtembeza mtoto katika mji wa kale si kumpitisha mbele ya mawe. Mawe ya ngome yana ulinzi, yana walinzi na wataalamu, na inshallah yatakuwapo sisi tukiwa tumekwisha kusahauliwa. Kisichokuwa na mlinzi ni kile alichonacho mzee wako kichwani. Ukitaka kuwaonyesha watoto mji, mchukue mzee pamoja nao, umpe kiti, umnunulie dafu, kisha unyamaze. Uache karatasi yako mfukoni.

Najua kuwa wako watakaoudhika kwamba nimeliandika lile la mzee wetu. Tayari jamaa yangu mmoja, mtu wa heshima, amenambia kuwa mambo ya aina hii hufunikwa, kwani dini yetu yatuamrisha sitara, na kufukua habari za utumwa ni kuleta fitina baina ya watu. Nimemsikiliza kwa adabu, maana maneno yake si ya kijinga. Mji wetu ni mdogo, watu wamechanganyika, na neno "mtumwa" limewahi kutumiwa kama kisu.

Lakini nauliza, sitara humfunika nani? Sitara ni ya aibu, na aibu ni ya aliyetenda. Mtoto wa miaka kumi aliyenyakuliwa kwao, akavukishwa bahari, akanyang'anywa hata jina, alitenda nini cha kufunikwa? Tukimficha yeye, twamsitiri aliyemuuza. Bilal, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeadhini mbele ya Mtume (s.a.w.), asili yake haikufichwa hata siku moja, watoto wetu hufundishwa chuoni kuwa alikuwa mtumwa, na kwa hilo humpenda zaidi. Ikiwa twaweza kulisema la Bilal mimbarini, kwa nini tushindwe kulisema la nyanya zetu barazani?

Tena kunyamaza huko hakukuleta amani kama tunavyodhani. Kumeacha swali moja mjini, swali la "huyu ni wa nani hasa?", ambalo huulizwa kwa sauti ya chini siku ya posa, na limevunja nikaha ngapi Mungu ndiye ajuaye. Lau kila nyumba ingejua yake yote, ya fahari na ya huzuni, ni nani angebaki na kidole cha kumnyooshea mwenziwe? Katika nyumba yangu mimi yuko aliyenunua na yuko aliyenunuliwa. Sidhani kuwa ni nyumba ya peke yake.

Wako wengine watakaosema kinyume, kwamba ngome na makumbusho ni mambo ya wageni na makafiri, na Muislamu hana faida ya kwenda kutazama magofu. Hao nawakumbusha kuwa Kurani yatuhimiza mara kwa mara tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia. Na katika kutazama huko hatukuambiwa tutazame ya wenzetu tuache yetu.

Neno la pili ni kwa walimu na kwa wote wanaowasimulia watu historia ya mji huu. Msiache kuwataja Wareno, maana walikuwako na wametuachia makovu yao. Lakini mtoto akitoka katika ziara ya shule, na ajue Bwana Daud alikuwa nani. Na ajue kuwa Thalatha Taifa na Tisa Taifa walikuwa watu wenye shauri na wajumbe wao, waliofanya mapatano na wakubwa wa ng'ambo na mara nyingine wakayavunja. Na aambiwe kuwa Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, alikuwa akitunga hapa hapa wakati mizinga hiyo inalia, na tungo zake ziliingia katika siasa ya mji kama silaha nyingine yoyote.

Kwa huyo Muyaka tuna funzo kubwa zaidi. Tungo zake hazikuokolewa na ukuta wa mawe. Ziliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa aliyezikusanya kutoka kwa waliozihifadhi. Na aliyekuja kumuuliza na kuandika pamoja naye alikuwa mgeni, W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza. Diwani ikapigwa chapa mwaka 1940, miaka mia baada ya mtunzi kuzikwa. Namshukuru mgeni huyo kwa kuuliza kwake. Lakini kila nikifikiri hilo hujiuliza ni Mwalimu Sikujua wangapi waliokufa wakingoja mtu wa nyumbani kwao awaulize, na mtu huyo alikuwa, kama nilivyokuwa mimi, akisoma.

Neno la mwisho ni juu ya nyumba. Siwalaumu waliouza. Kuuza mali yako ni halali, na nyumba ya kale si rahisi kuishika: boriti huoza, chokaa hubanduka, warithi huwa kumi na wanane na kila mmoja ana shida zake. Nasema tu kwamba kabla ya kutia sahihi, jamaa wakutane ndani ya nyumba hiyo siku moja. Mzee awaonyeshe nani alizaliwa chumba gani, nani alifia wapi, maji yalitekwa wapi. Kijana mmoja aandike. Kwa simu hizi walizonazo, hata sauti ya mzee yaweza kuwekwa ikabaki. Hilo halizuii biashara ya mtu, wala halipunguzi bei hata senti. Sisi hatukufanya hivyo, na leo mama yangu ahesabu nyumba kutoka kwenye kifuniko cha kisima.

Siku ile ya sikukuu haikwisha kwa huzuni. Baada ya alasiri mdogo wetu alianza kulia kwamba hajapanda pembea, na ahadi ni deni, tukaenda Makadara. Binti yangu alipanda mara tatu. Tuliporudi kwenye feri magharibi ilikuwa imekaribia, naye alikuwa amemlalia nyanya yake begani, akimuuliza kama yule mzee wetu aliwahi kurudi kwao. Mama akamwambia la, hakurudi, lakini nyanya yake alisema kuwa jioni alikuwa na tabia ya kukaa mlangoni akitazama upande wa bara, na mtu akimsemesha haitiki.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Ijumaa hii baada ya swala na chakula tumekubaliana tutarudi tena Kibokoni. Atatuhesabia nyumba zote kutoka kisimani, na kijana wangu, aliyesema kuwa sisi tulikuwa tukivua samaki, ndiye atakayeandika. Nawe, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee ambaye bado aujua mji wake, usingoje sikukuu. Mpelekee kahawa leo, umuulize.